Nimerudi Nachingwea, reli haipo

Nilipokuwa Uingereza nilizoea treni za vijijini, zile za mabehewa mawili zinazopita katikati ya mashamba ya ngano. Wenzangu kazini hawakuamini nilipowaambia kwamba kwetu kusini mwa Tanzania nako kulikuwa na reli ya shamba, tena iliyojengwa kwa fedha za serikali yao.

Sasa nimerudi, na jambo la kwanza nililomwomba mjomba ni anipeleke kwenye tuta ilikopita reli hiyo. Mtu asiyejua atadhani ni njia ya kawaida, ila imenyooka mno. Pande zote mbili ni mikorosho. Mahali pamoja kuna kalavati la zege, zima kabisa, na akina mama wawili walikuwa wanafua pembeni yake. Chuma chote kimekwenda. Kengele ya shule niliyosoma ilikuwa kipande cha reli, kikigongwa kwa nondo, na hatukuwahi kujiuliza kilitoka wapi.

Kilitoka kwenye karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 wakaanza mradi wa kulima karanga Kongwa, Urambo na huku kwetu. Walipanga ekari zaidi ya milioni 3. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta ya kung'oa miti. Mzigo wa Nachingwea ulihitaji njia ya kufika baharini, basi reli ikaanzia Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Kina cha maji Mkwaya hakikutosha meli kubwa, ndiyo maana wakaamua kujenga bandari Mtwara.

Angalia tarehe sasa. Januari 1951 London ilitangaza kuuacha mradi, hasara ikiwa imefika pauni milioni 36 hivi. Bandari ya Mtwara na reli yake vikakamilika mwaka 1954. Yaani njia ya kubebea karanga ilimalizika karanga zenyewe zikiwa zimeshazikwa! Wakaongeza tawi la Masasi mwaka 1958, lakini mzigo haukutosha, na mwaka 1962 treni zikasimamishwa. Chuma kikang'olewa.

Hapa ndipo ninapobishana na wanaosema kusini hakukuwa na cha kubeba. Mikorosho ilikuwa inapandwa miaka hiyo hiyo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000, na nyingi zilitoka Mtwara na Lindi. Zilikuta tuta tupu. Baadaye zao likaanguka, kwa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa na kwa ugonjwa wa ubwiri unga, likaja kuinuka tena. Reli iliyojengwa kwa zao la watu wa mbali ilihukumiwa kwa zao hilo hilo, na mkulima wa hapa hakuwamo kwenye hesabu. (Mashamba yaliyoachwa, walau, hayakulala bure: moja lao, Farm 17, liliwapokea wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO.)

Siku hizi msimu ukifika, magunia yanapangwa kwenye ghala la chama cha msingi, mnada unafanyika, malori yanashusha Mtwara. Reli mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, inazungumzwa, na ninavyosikia hoja kubwa ni makaa ya mawe na chuma cha Mchuchuma na Liganga, kule Ludewa. Tena mzigo mmoja, tena unatoka mbali na sisi! Nikamwambia mjomba kwamba safari hii lazima korosho zihesabiwe tangu kwenye ramani.

Yeye hakukubali. "Lori linanifuata ghalani," akasema, "hiyo treni yako ningeifuata mimi stesheni, na gunia kichwani." Nikamjibu kwamba lori ndilo linalokula bei yake. Tumeishia hapo, maana alikuwa anawahi kikao cha chama.