Saa tisa usiku, na usingizi umekataa

Nimemaliza kusoma riwaya ya Ash ya Malinda Lo sasa hivi, na moyo bado unanidunda. Ni ile hadithi ya Cinderella, yatima anayegeuzwa mtumishi na mama wa kambo, ila safari hii binti, Ash, hana haja na mwana wa mfalme. Moyo wake unamwendea Kaisa, mwindaji mkuu wa mfalme, mwanamke anayemfundisha kupanda farasi.

Kilichonishika ni upole wa mapenzi yao. Hakuna anayekurupuka. Wanakutana msituni, wananyamaza kidogo, wanazungumza, na mimi huku nimeshika ncha ya ukurasa kwa vidole viwili, sitaki kuufunua. Kuna pia Sidhean, kiumbe wa ulimwengu wa kichawi, mzuri wa kutisha, ambaye Ash ana deni la kumlipa. Kwangu yeye ni majonzi. Kaisa ni uhai. (Ilibidi nirudi nyuma nisome tena ndipo nikaliona hilo.)

Kitabu kilitoka 2009. Natamani ningekipata nikiwa na miaka 16, nilipoamini kwamba msichana anayempenda msichana hana nafasi kwenye hadithi za uchawi na farasi. Nimekiweka chini ya mto. Kesho nakianza upya, polepole.