Fulana zenye tarehe

Jana nimetoka kazini saa nne usiku, nimefika Mbagala saa sita kasoro, mwanangu kashalala na daftari la hesabu kaliacha wazi mezani maana nilimuahidi tutafanya wote. Nikakaa pale naliangalia tu.

Kilichonichelewesha ni fulana 300 za semina ya siku moja, za njano, mgongoni zina tarehe. Tarehe jamani! Kesho yake ishakuwa ya kudekia. Miaka sita naprinti hapa Kariakoo na naona zinapoishia, juzi kati nimepita kwa dada anayeuza chapati nikamkuta anafutia meza fulana niliyoiprinti mwenyewe, rangi hata haijapauka, nikakumbuka usiku niliokesha nayo, roho ikaniuma kweli.

Sheria ya kazi ya hapa Tanzania ya 2004 inasema mwisho masaa 45 kwa wiki bila ovataimu. Mimi msimu wa harusi na makongamano nafika 70, na nikipiga hesabu zaidi ya nusu ni hivyo vitu vya siku moja, mabango yanashushwa asubuhi yake, kofia, kalenda ambazo nyumba moja inazo nne. Lebo za dawa, mitihani ya shule, hizo nazifanya kwa moyo hata usiku.

Na sio huku tu. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu yalikubaliana kule Geneva balbu isizidi masaa 1000, wakati tayari zilikuwepo za 1500 na zaidi. Yaani mtu anatoka jasho atengeneze kitu kife mapema, mwingine anatoka jasho akinunue tena.

Wenzangu wananiambia vitu vikipungua na vibarua vinapungua. Hiyo hofu naielewa, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 1 Juni 2019 sisi wanunuzi tulizoea vikapu haraka sana lakini kuna waliokuwa wanakula kupitia ile mifuko. Ndo maana mi nasema masaa yapungue kwa wote na mshahara usiguswe, sio mmoja arudishwe nyumbani halafu mwingine aendelee kukesha.

Leo nimemwambia bosi tuwashauri wateja watoe tarehe, fulana ivalike hata mwakani. Kasema atafikiria. Nimetoka saa kumi na moja, tumefanya hesabu za sehemu na mwanangu, mbili tumezikosa, kesho tunazirudia.