Jioni ya kuamkia chanjo

Mwaka 2018 binti yangu alikua na miaka 14, kidato cha kwanza, na ndo mwaka serikali ilianza kutoa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa mabinti wa umri huo nchi nzima. Mama yake alikua msibani Iringa, tumebaki mimi na watoto hapa Morogoro. Jioni niko jikoni nasonga ugali akaja kusimama mlangoni, "Baba, kesho manesi wanakuja shule kutuchoma sindano, wenzangu wanasema inafunga kizazi, ni kweli?"

Nikamwambia sio kweli, inakinga kirusi kinacholeta saratani. Nikajua yameisha. "Sasa hicho kirusi mtu anakipataje?"

Jamani. "Subiri mama yako arudi" ilishafika mdomoni, maana mimi nimekulia nyumba ambayo mambo hayo hayatajwi kabisa, dada yangu alipata mimba darasa la saba na hakuna mtu aliyewahi kumwambia chochote, walikuja kumwambia kwa fimbo tumbo lilipoanza kuonekana, na shule ikaishia hapo. Nilimwona dada pale mlangoni kabisa.

Nikaipua sufuria, nikamwambia kaa hapa mwanangu. Nikamweleza kinapita kwenye kujamiiana, nikalitaja neno lenyewe, mlango wa kizazi uko wapi, kwanini wanachanja mabinti mapema kabla hawajaanza mambo hayo, na kwamba baada ya miezi sita kuna sindano ya pili. Jasho linanitoka, yeye anaangalia chini anachezea mkanda wa begi. Akakaa kimya mdaa mrefu.

"Baba, kuna kaka wa boda huwa ananibeba bure nikitoka shule. Jana kanishika paja, kasema nisimwambie mtu."

Mikono ilinitetemeka lakini sikufoka, nilijua nikifoka hapo hataniambia kitu tena maisha yake yote. Nikamwambia hujakosea, umefanya vizuri kuniambia. Akalia, nikamwacha alie. Kesho yake nilimpeleka shule mwenyewe, akachanjwa, halafu tukaenda wote polisi dawati la jinsia.

Mama yake alirudi siku ya nane. Huwa nazihesabu hizo siku mpaka leo.

Ugali tuliula saa tatu usiku umeshapoa, na bado alikua ananiuliza maswali.