Mnene, mwembamba, wa miraba minne: kueleza umbo la mtu kwa Kiingereza

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, anayejifunza Kiingereza huponzwa na Kifaransa cha shuleni kuliko Kiswahili. Mtu akiwa gros, yaani mnene, ulimi unakimbilia gross, na gross ni kitu cha kutia kinyaa. Mince, yaani mwembamba, ukiihamisha jinsi ilivyo, Mwingereza atasikia nyama ya kusaga. Mama aliye forte, yaani mnene kwa lugha ya adabu, ukimwita strong, umesifu nguvu zake tu, unene haumo.

Wembamba ndio wenye mitego mingi. Slim ni sifa. Thin haina sifa wala tusi, lakini ukimwambia aliyetoka kuugua itamchoma. Skinny ni kukonda hadi mifupa kuonekana. Lanky inataka urefu pia: miguu na mikono mirefu, mwendo usio na madaha. Mfupi haitwi lanky hata akonde vipi.

Mtazame kijana anayesukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa makaa: mfupi, shingo nene, mabega mapana. Huyo ni stocky. Fat hapana, maana uzito wake ni misuli. Angekuwa na mwili huohuo lakini mrefu, angeitwa burly. Stout tunamwachia mtu mzima aliyejaa, kitambi kikiwemo, na chubby inamfaa mtoto mwenye mashavu.

Kwetu "umenenepa!" mara nyingi ni salamu ya furaha. Kwa Kiingereza usithubutu, hata kwa plump, ambayo kamusi huifanya ionekane ya upole. Ukilazimika, sema a bit overweight, na uyaseme akiwa hayupo.

Wakalimani wa hospitali wawe makini zaidi. Mgonjwa akisema "nimekonda", tafsiri ni I have lost weight. Ukisema I am slim, daktari atadhani anajisifu na dalili itapotea. Obese, yaani mnene kupita kiasi, nayo ni neno la kipimo: gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mzima wa kilo 90 na mita 1.70 anapata takriban 31, na obese huanzia 30. Kuanzia 25 hadi chini ya 30 ni overweight tu. Neno obese usilitamke kwa kukadiria kwa macho.

Kuhusu kimo, mtu ni tall; high iachie mlima Nyiragongo. Petite kwa Kiingereza ni ya mwanamke mfupi mwenye mwili mdogo, kwa hiyo mwanaume mfupi mwite short. Ukipanga maneno, anza na kimo, kisha umbo, kisha umri: a tall, slim young man.