Jinsi tulivyofikisha gunia la mifupa kwenye maonyesho ya sayansi Dar

Nafundisha kemia katika shule ya kata upande wa Usa River, mkoani Arusha. Walimu wenzangu wamekuwa wakiniuliza tuliwezaje kupeleka wanafunzi kwenye maonyesho ya kitaifa ya wanasayansi chipukizi ilhali maabara yetu ni darasa la kawaida lenye meza mbili ndefu na bomba lisilotoa maji. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwenye simu, basi naandika yote hapa.

Nazungumzia maonyesho ya Young Scientists Tanzania, ambayo wengi tunayaita YST. Yalianzishwa mwaka 2011 na Dk. Gozibert Kamugisha pamoja na Joseph Clowry, kwa kufuata mfano wa maonyesho ya Ireland yaliyoanza 1965. Wanafunzi wanatafuta swali, wanalifanyia utafiti, na andiko lao likikubaliwa wanakwenda Dar es Salaam kusimama kwenye banda lao na kujieleza mbele ya majaji. Mwalimu unasaidia, lakini siku ya kuhojiwa unakaa pembeni na kutafuna kucha.

Swali letu halikutoka mbali, lilikuwa kwenye meno. Maji ya ukanda huu wa chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Mtoto akiyanywa miaka ile ya mwanzo, meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, yanaota na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki unaoyatoa. Ikizidi sana na kwa miaka mingi, hata mifupa inaharibika. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania tuliishi muda mrefu na kikomo cha 4 kabla ya kukishusha hadi hapo hapo 1.5. Vyanzo vingi vya Arumeru vinapita kiwango hicho, na vipo vinavyopita 10. Darasani kwangu kuna wasichana wanaocheka wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja, na kwenye picha ya darasa utawajua kwa midomo iliyofungwa. Huko nyumbani wengi bado wanaamini ukichemsha maji umemaliza kazi. Kuchemsha kunaua vijidudu, ni kweli, lakini floraidi haiendi popote. Maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea. Ukitia na magadi kwenye makande, umeongeza nyingine juu yake.

Tuliamua kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, lakini njia hiyo si ugunduzi wetu. Pale Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji ambacho kimefanya utafiti wa kuondoa floraidi kwa njia hiyo miaka na miaka. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye hewa kidogo, inasagwa, na maji yakipitishwa humo floraidi inashikwa na madini ya mfupa. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliposikia hivyo akakata tamaa. "Madam, si tayari watu wameshagundua?" Mwenzake, kijana mkimya anayependa hesabu, akamkumbushia na Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, ambaye chujio lake la maji lilishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015. Wakaona sisi tumebakiziwa nini.

Niliwaambia watafute kitu ambacho Ngurdoto hawawezi kumjibia mama wa kijijini kwetu. Walichotoka nacho kilikuwa hivi: mifupa ya bucha letu, ikichomwa kwa pipa la kawaida na fundi wa kawaida, inachuja maji ya chemchemi yetu vizuri kiasi gani? Ni swali dogo, lakini lina anwani.

Hela hatukuwa nayo, na mfuko wa shule nao mnaujua. Nikaamua kuomba vitu badala ya pesa. Ukimwomba mtu mchango wa elfu kumi, anakuambia mwisho wa mwezi. Ukimwomba mwenye bucha mifupa ambayo angewatupia mbwa, anakuletea hadi getini na anataka kujua imefikia wapi. Fundi wa kuchomelea vyuma alitukatia pipa akatuwekea mfuniko. Mzazi mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitoa vipande vya bomba la plastiki na koki. Mzazi mwingine, kabla ya kuchangia chochote, aliuliza kama humo hamna mifupa ya nguruwe. Ni swali la haki. Wanafunzi waliandika kwenye daftari bucha ni lipi na mnyama ni yupi, na maelezo hayo yakaenda hadi kwenye bango la banda.

Uchomaji wenyewe ulinuka. Majirani walilalamika, tukahamia nyuma ya shamba la migomba na kuchoma jioni upepo ukiwa umetulia. Hapo ndipo watoto walipojifunza kusoma rangi. Mfupa ukiuvunja ukakuta katikati bado kahawia, haujaiva, na utayapa maji harufu na ladha ya ajabu. Ukikuta umekuwa mweupe kama chokaa, moto umepita kiasi, na uwezo wake wa kushika floraidi umeshuka. Unaotakiwa ni mweusi, wenye kijivu kidogo, tena mweusi hadi ndani. Walijaza makopo matatu ya rangi tofauti wakayabandika lebo, na makopo hayo baadaye yalisema mengi kuliko bango.

Kupima floraidi shuleni hatuwezi. Sampuli zinapelekwa maabara ya maji na kila kipimo kinalipiwa, kwa hiyo ilibidi wapange kabla: ni maji gani yapimwe, yakiwa yamepita lita ngapi, na kwa mkaa upi. Yule kijana wa hesabu alichora jedwali akafuta, akachora tena, hadi kila sampuli ikawa na sababu yake. Kukosa hela kulitufundisha kupanga majaribio kuliko kitabu chochote.

Halafu kuna mpishi wetu wa shule. Kabla ya safari niliwataka waeleze kazi yao kwa watu wasio na habari na kemia: bibi yake binti, kidato cha kwanza mstarini, fundi, mwenye bucha. Kwanza Kiswahili, Kiingereza baadaye. Mtoto anayetetemeka kwa Kiingereza mara nyingi hata kwa Kiswahili jambo lenyewe halijamkaa. Mpishi aliwasikiliza huku anapepeta mchele, wakamaliza, akauliza: "Sawa wanangu, na hiyo mifupa inachoka lini?"

Hawakuwa na jibu. Walikuwa wamepima maji kabla na baada ya kuchujwa, wakafurahi yalivyoshuka chini ya 1.5, wakaishia hapo. Mkaa wa mifupa unashika floraidi hadi nafasi zinajaa, na ukishajaa maji yanapita kama yalivyoingia huku mama wa nyumba akiamini bado anachuja. Ikabidi sampuli zilizokuwa zimebaki zote zielekezwe kwenye swali la mpishi. Walikaa na ndoo wakihesabu lita na kuchukua sampuli kila baada ya kiwango walichopanga, wakapata mstari unaokaa chini, unakaa chini, kisha unaanza kupanda. Mstari ule ndio uliobeba kazi yote.

Ruhusa haikunisumbua sana kwa sababu nilianza mapema. Barua ya mkuu wa shule, barua ya afisa elimu, ridhaa ya wazazi kwa maandishi, nakala za bima kwa walio nayo. Kazi ilikuwa kwa mama yake binti. Hakuuliza sayansi hata kidogo. "Mwalimu, atalala wapi? Nani atakuwa naye usiku?" Nilikwenda nyumbani, nikanywa chai, nikamweleza kwamba tutalala hosteli, wasichana na walimu wa kike upande wao, na kila jioni atampigia simu mwanawe mwenyewe, si mimi kumpigia. Akasaini. Walimu wanaume mnaosoma hapa, tafuteni mwalimu wa kike wa kuongozana nanyi kabla hamjaenda kwa mzazi wa binti. Mtajiokolea maneno mengi.

Kutoka Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Tulipandia Usa alfajiri, na mzigo wetu ulikuwa chujio lililofungwa kwenye blanketi, makopo, bango, gunia dogo la mkaa wa mifupa, na dumu la maji ya chemchemi yetu kwa ajili ya maonyesho. Konda akalisimamia lile dumu. "Mwalimu, petroli hatupakii." Nikamwambia ni maji. Akanitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kuambiwa hivyo. Nikafungua, nikamimina kwenye kifuniko nikanywa mbele yake. (Funda moja halimharibii mtu meno, na mimi meno yangu yalishamaliza kuota zamani.) Dumu likaingia kwenye buti. Gunia nilikataa lisiende huko, maana mkaa ukisagika zaidi unakuwa vumbi na maji hayapiti, nikaliweka chini ya kiti.

Tulipopita Moshi niliwasimulia habari za Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi Magamba, Tanga, mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu unaganda kabla ya uliopoa. Alichekwa darasani. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu aliyetembelea shule ya Iringa alikokuwa amehamia, Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja, Mpemba akiwa tayari anasoma chuo cha wanyamapori Mweka, pale juu ya Moshi. Kijana akauliza kama waliomcheka walimwomba radhi. Binti alikuwa ameshalala.

Himo akapanda mama mmoja mtu mzima akakaa karibu nasi. Mguu wake ukagusa gunia. "Nini hiki kigumu?" Kijana, kwa ukweli wake wote, akajibu: "Shikamoo mama. Ni mifupa." Siti za mbele na nyuma zikanyamaza. Mifupa, tena imechomwa, ndani ya gunia, chini ya kiti! Mwingine akasema gari lisimame. Nilitaka kuinuka nijieleze, lakini binti alikuwa ameamka na ameshasimama, kopo mkononi. Akawaeleza abiria kuhusu maji, meno, pipa na bucha. Akawaonyesha rangi tatu. Hadi tunafika Same maswali yalikuwa yanatoka hadi siti za nyuma: bei gani, wa mbuzi unafaa, mbona maji ya Moshi mjini hayana shida hiyo. Yule mama akaomba kushika kopo jeusi, akanusa, akasema halinuki. Nilikaa kimya nikijua majaji hawatawaogopesha tena hawa.

Korogwe tulikula, jioni tukashuka kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis na joto likatupokea. Watoto wa mlimani walikuwa wamevaa masweta.

Kwenye maonyesho nilikaa mbali nikiwaona midomo tu. Jaji mmoja aliuliza karibu maneno yale yale ya mpishi, na niliona binti anageukia ule mstari kabla swali halijaisha. Jaji wa pili alikuja na gumu zaidi: mama wa kijijini asiye na maabara atajuaje kwamba mkaa umechoka? Kijana akajibu kwamba hawajapata njia, na kwa sasa wanahesabu lita. Akafungua daftari, lile la kurasa zilizoloa na zenye majivu, akaonyesha hesabu zenyewe pamoja na sampuli iliyotoka vibaya ambayo hawakuifuta. Jaji alikaa kwenye daftari lile kuliko kwenye chujio. Nimeona mabanda ya shule zenye uwezo yakiwa na mashine zinazong'aa, na mwanafunzi akiulizwa namba imetoka wapi anamtafuta mwalimu wake kwa macho.

Hatukushinda. Washindi wa jumla wa miaka ya nyuma wamefika hadi Dublin, kwenye yale maonyesho ya Ireland, na Karimjee Jivanjee Foundation imekuwa ikiwafadhili masomo ya chuo kikuu. Sisi tulirudi na vyeti vya ushiriki. Binti alinuna kutwa nzima. Nikawapeleka wakapande pantoni kwenda Kigamboni waione bahari. Kijana akachota maji kwa kiganja akauliza humu floraidi ni ngapi. Nikamwambia maji ya bahari yana kama miligramu 1.3 kwa lita. Akapiga hesabu kichwani. "Kwa hiyo kwa floraidi, bahari ni afadhali kuliko chemchemi yetu?" Ndiyo, nikamwambia, tatizo ni chumvi. Binti akacheka kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatangazwe.

Chujio sasa liko jikoni shuleni kwa ajili ya maji ya kunywa. Mpishi ndiye msimamizi: kila ndoo anapiga mstari ukutani kwa mkaa, mistari ikifika pale walipokubaliana, anakuja ofisini kudai mifupa mipya, na hanipi nafasi ya kusema kesho. Mwaka huu jozi nyingine ya kidato cha pili inafuatilia magadi, ni kiasi gani cha floraidi kinaingia kwenye sufuria moja ya makande. Andiko lao liko mezani kwangu, ukurasa wa vifaa bado mtupu, na wameshaambiwa waanzie kwa wauza magadi wa soko la Tengeru.