Siku moja maishani mwangu: naunda mashine ya CNC ya kusimama, Mji Mkongwe

Saa 12 asubuhi. Karakana yangu ni chumba cha chini nyumbani kwa bibi. Dari za nyumba hizi za zamani zimebebwa na boriti za mikoko, kwa hiyo upana wa chumba ni urefu wa boriti basi. Changu hakifiki mita 3. Mashine ya CNC, yaani ya kuchonga nakshi za mbao kwa kuongozwa na kompyuta, ikiwa ya kulala kama meza ingekimaliza chote, benchi la randa likahamia uchochoroni. Kwenda juu, nafasi tele. Ndiyo maana nataka isimame.

Saa 2. Nimekaa na mchoro. Fremu inaegemea nyuma nyuzi 15 ili ubao ujilaze wenyewe. Kitanda cha kuwekea ubao, cha mita 1.3, kwa mwegemeo huo kinachukua sentimita 34 za sakafu. Ukijumlisha daraja, yaani sehemu inayobeba mota ya kukatia na kutembea juu ya ubao, na mota yenyewe, hatuzidi 60. Unga wa mbao nao utaporomoka chini badala ya kujaa kwenye mfereji wa nakshi. Kuifunga ukutani sitaki. Ukuta wa mawe na chokaa haushiki skrubu kwenye mtikisiko, na mtikisiko unaharibu nakshi. Itasimama kwa miguu yake.

Saa 4 umeme umekatika, na hapo ndipo penye kazi hasa. Mashine ya kulala ikikosa umeme, daraja hubaki lilipo. Ya kusimama, mota zikilegea tu, daraja linaloendeshwa kwa mkanda hushuka na kuchana ubao. Kwa hiyo mhimili wa juu-chini nimeupa skrubu ndefu inayosogeza daraja milimita 2 kwa kila mzunguko, ambayo uzito hauwezi kuizungusha kinyume. Itakwenda taratibu, nimeridhia. Juu yake naongeza uzito wa kusawazisha, kamba ikipita kwenye kapi kama ya jahazi.

Baada ya Adhuhuri ami kapita, yeye ndiye aliyenifundisha patasi. Nikamwonesha mchoro wa nakshi ya mnyororo ya fremu ya mlango. Kaweka kidole kwenye kona ya ndani.

"Hapa mashine yako itafika?"

"Kisu cha duara hakifiki, ami. Kinaacha mviringo."

"Basi kona niachie mimi."

Nimekubali kwa moyo mmoja. Mashine itoe kina na unyoofu. Kona kali ni za patasi yake.

Saa 9, Mwanakwerekwe kwa fundi wa kuchomea. Tumebandika nukta nukta kwenye kona zote nne kwanza, maana moto huvuta chuma. Kisha tukapima pembe kwa pembe, na vipimo vilipolingana ndipo akachomea moja kwa moja. Rangi lazima ipigwe leo. Hewa ya bahari haingoji.

Saa 2 usiku. Arduino, kibao kidogo cha kielektroniki, yenye GRBL, programu ya kuendesha mota za CNC, iko mezani, mota na skrubu vimefungwa. Hatua 200 za mota, kila moja imegawanywa mara 8, kwa skrubu ya milimita 2: nimeandika hatua 800 kwa milimita. Nikaiamuru iende milimita 100. Nati imetembea na kusimama kwenye alama ya sentimita 10 ya rula. Sasa nakwenda kutafuta kapi.