Betri juani, Tukuyu

Leo nimefika nyumbani Tukuyu, nikaikuta redio ya marehemu babu juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilekile cha kufuma. Nimecheka peke yangu.

Miaka ya 80 dunia yetu yote ilikuwa humo. Betri zikiisha nguvu tunazianika juani (mnaoijua Tukuyu mnajua jua lenyewe ni la kuvizia), zinapata uhai wa dakika chache. Dakika hizo babu hakuzichezea: taarifa ya habari na matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Akiinua kidole, hata kuku wananyamaza. Msiba wa baba mdogo wa Chunya tuliusikia humo humo, barua ikaja baadaye imeshapoa. Telegramu nayo ililipiwa kwa neno, ndiyo maana zilisomeka kama amri: "MAMA MGONJWA NJOO".

Mkongo wa baharini ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, haikuchukua muda intaneti ikatukuta hata huku kwenye migomba.

Sasa jana shangazi kateleza uani. Kabla hajainuliwa, picha iko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na wa Iringa wameshaandika "Pumzika kwa amani". Shangazi mzima jamani! Leo ananiuliza, "Mwanangu, hivi nani kanizika?"

Nimekosa jibu. Nimeitia redio betri mpya. Inakoroma tu, lakini kaivuta karibu na sikio, anasikiliza.